Mama wa Juu na Bia ya Machi

Mara ya kwanza Mama wa Juu aliponigongea mlango, hakuja kuomba chumvi. Alinitazama usoni, akaniuliza kama nilikuwa na mafua.

"Sina," nikamjibu.

"Na leo umekula pilipili?"

"Sijala bado."

"Bon. Basi panda juu kidogo, jirani. Nahitaji ulimi mwingine."

Tulikuwa wageni katika jengo lile la matofali mekundu kule Merrylands, mjini Sydney, na sikutaka kuanza kwa kumkatalia mtu mzima. Nikafunga kanga vizuri, nikamfuata ngazini. Yeye aliishi ghorofa ya pili, juu yetu kabisa, ndiyo maana watoto wangu walimpa jina hilo nasi tukalichukua. Jina lake halisi nilikuja kulijua baadaye, ila sikuwahi kulitumia mbele yake, na hapa pia sitalitumia.

Mezani kwake kulikuwa na chupa mbili za bia, bilauri ndogo za chai, jagi la maji na mkate mkavu uliokatwa vipande. Ilikuwa Jumamosi alasiri, joto la Novemba limeshaingia, madirisha yote yako wazi. Nilishangaa. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimemwona akitoka nyumbani na kitenge cha umoja wa akina mama wa kanisa, Biblia kwapani, akitembea kama mtu anayekwenda kuongoza kikao. Na kweli ndiye aliyekuwa akiwaongoza akina mama hao.

Akanimiminia kidogo sana, kiasi cha dawa ya kikohozi. Nikaonja.

"Nzuri," nikasema kwa adabu.

"Sikuuliza kama ni nzuri. Nimeuliza iko kama nini."

Nikaonja tena. Nikasema ina ladha ya mkate. Akaniuliza mkate gani, wa dukani au wa nyumbani, wa ndani au wa ganda. Nikasema ganda, tena ganda lililoachwa motoni kidogo kuliko ilivyotakiwa. Hapo uso wake ukafunguka. Akafumba macho, akarudia maneno yangu taratibu kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

"Hiyo Mzee ataielewa," akasema.

Ndivyo nilivyosikia habari za Mzee kwa mara ya kwanza.

Mama wa Juu alifanya kazi ya kutunza wazee majumbani, kama wengi wetu. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kijerumani aliyeishi peke yake Blacktown, katika nyumba ya mbao yenye bustani ya waridi. Alikuja Australia kijana, akajenga nyumba za watu maisha yake yote. Sasa koo lake lilikuwa limechoka. Kila alichomeza kiliweza kwenda njia ya hewa, kwa hiyo chakula alisagiwa, na hata maji yalitiwa unga maalumu mpaka yakawa mazito kama uji. Bia ilikuwa mwiko kabisa. Na mtu huyu alikuwa amekunywa bia za kwao maisha yake yote, kila moja kwa majira yake.

Siku moja alimwomba Mama wa Juu amfungulie chupa anuse tu. Ofisi yao ilikataza pombe kazini, lakini alimwonea huruma, akafungua. Mzee akanusa. Machozi yakamtoka, kikohozi kikamshika, akasukuma bilauri mbali. Alipotulia akasema kwamba kunusa bila kunywa kunamtesa kuliko kukosa kabisa. Kisha akamwambia, "Ichukue. Kaionje nyumbani kwako. Kesho uniambie."

Mama wa Juu hakuwa mnywaji. Kinywaji chake kilikuwa chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinakataa kuzunguka. Lakini aliondoka na chupa ile, akaionja jikoni kwake, na asubuhi akaenda kumwambia. Alimwambia kwamba ilikuwa nzuri. Mzee akageuzia uso ukutani. Siku nzima hakusema naye tena.

"Nikajiuliza, nimemkosea nini," alinisimulia. "Halafu nikaelewa. Mtu ana njaa, mimi namwambia chakula ni kizuri. Sasa hiyo ni maneno gani ya kumwambia mwenye njaa?"

Tangu hapo akaanza kujifunza, na mimi nikaingizwa katika masomo hayo kwa sababu nilikaa chini yake na sikuwa na mafua.

Bia zile zina majira yake, kama kumbikumbi. Mzee alimfundisha, naye akanifundisha, kila moja kwa jina alilolitunga mwenyewe. Kulikuwa na bia ya Machi, ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Zamani kabla ya mafriji ilipikwa mapema, Machi, kwa kuwa joto likiingia bia huharibika. Watu wakaifungia kwenye mapango ya baridi mpaka mavuno. Kulikuwa na bia ya mbuzi, kali, ya siku za baridi, yenye picha ya beberu kwenye karatasi ya chupa. Kulikuwa na ndugu yake mweusi, mzito, ambaye watawa wa zamani walimnywa wakati wa Kwaresima kwa sababu walikuwa wamefunga kula. Hilo lilimshughulisha sana Mama wa Juu. Alilizungumzia wiki nzima. Watawa, wamefunga, wanakunywa bia. Hakulaumu, alitaka kujua tu waliombaje baada ya hapo.

Na zote zilitufikia kwa meli, zimechelewa, na majira yamepinduka. Bia ya Krismasi iliyotengenezwa kwa ajili ya theluji tuliionja Februari, feni imewashwa, jasho linatutiririka mgongoni. Bia ya Machi ilifika wakati mijakaranda imeshamwaga maua yake ya zambarau barabara nzima. Mama wa Juu alimuuliza Mzee kama bado inastahili jina lake, maana Machi ya Sydney ndiyo joto linaondoka, si linaingia. Mzee alicheka mpaka akamtia hofu ya kukohoa.

Kanuni za Mama wa Juu zilikuwa kali. Siku ya kuonja hapakukaangwa samaki. Mimi sikuruhusiwa kujipaka mafuta yenye manukato. Bilauri zilioshwa kwa maji ya moto matupu, maana sabuni huua povu, zikafunikwa juu ya taulo safi. Chupa ilitolewa kwenye friji mapema, kwa sababu baridi nyingi hutia ulimi ganzi. Yeye alisema "frigo", na kwamba bia lazima "itoke frigo ipumzike, ipate akili". Daima zilikuwa mbili, za watengenezaji wawili. Moja peke yake, alisema, ni kama kumsikiliza mshitaki bila mshitakiwa.

Hakuandika chochote. Alibeba yote kichwani hadi kwenye treni ya asubuhi, midomo ikitembea, na abiria walidhani anasali.

Shida kubwa ilikuwa maneno. Mara moja tulikubaliana kwamba uchungu wa bia fulani ya mbuzi ulikuwa uchungu wa nyanya chungu, ule unaokuja nyuma ya ulimi ukiwa umeshameza. Lakini Mzee hakujua nyanya chungu ni nini. Mama wa Juu akaenda duka la Waafrika, akanunua, akazichemsha, akazisaga laini kabisa, akampelekea kijiko kimoja. Mzee akaonja, akakunja uso, akasema, "Ndiyo. Naijua." Siku nyingine alimbebea asali. Siku nyingine ganda la mkate mweusi, la kunusa tu. Mfuko wake wa kazini ulijaa vitu ambavyo ofisi ingeshindwa kuvielewa.

Mimi nilifanya kazi kwenye ghala moja Smithfield, kufungasha na kupakia. Sikudhani kazi ile ingenifaa kitu mezani pale, mpaka siku tulipofungua chupa iliyokuwa na harufu ya ajabu. Mama wa Juu alizunguka nayo jikoni nzima akitafuta neno. Mimi nililijua papo hapo.

"Maboksi," nikasema. "Maboksi yaliyonyeshewa, halafu yakakauka."

Alinusa tena. "Ni maboksi."

Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi za shule kwenye kochi, alisikia kila neno la Kiswahili chetu na kama kawaida akajibu kwa Kiingereza. "Just tell him it's nice, Mum. He's sick."

Mama wa Juu aliketi. Nilimwona anafikiri. Ilikuwa bia aliyoipenda Mzee kuliko zote, ya mji wa karibu na kwao, na alikuwa ameisubiri mwaka mzima. Kesho yake alimwambia ukweli: imeharibika njiani, inanuka maboksi yaliyoloa. Alijitayarisha kumwona akilia. Badala yake Mzee alifurahi kama mtoto. Alisema kumbe siku zote Mama wa Juu alizoisifu bia, ilikuwa nzuri kweli.

Nisije nikamchora Mama wa Juu kama mtu mpole. Hakuwa mpole. Alichukia ulevi kwa chuki ambayo sikuthubutu kuuliza ilikotoka. Vijana wawili wa ghorofa ya chini waliposikia kuna bia juu, walipanda wakitabasamu. Aliwakaribisha, akawapa kila mmoja funda moja, akawauliza iko kama nini. Walipojibu akawauliza tena. Walishuka kabla ya nusu saa, na hawakurudi. Bia iliyobaki alipikia nyama. Mchuzi ule ulikuwa mwekundu, mzito, mtamu kupita maelezo, na ulisifiwa na kila aliyeula, lakini hakuupeleka kanisani hata mara moja, ingawa sherehe za kanisa hazikuisha na alijua ungewashinda wote. "Wataniuliza nimetia nini," alisema. "Nikisema, vurugu. Nisiposema, uongo."

Vurugu ilikuja bila mchuzi. Mtu alimwona akitoka duka la pombe, chupa zinagongana mfukoni. Jumapili moja baada ya ibada mchungaji akamwita, naye akaniomba nimsindikize. Mchungaji alikuwa Mkongomani wa makamo, mwenye sauti ya chini, mtu mwema. Hakupenda kazi ile, ilionekana wazi.

"Maman," alianza, "watu banasema wamekuona na bière. Mimi sikutaka kuamini. Nimekuita uniambie mwenyewe."

"Walioniona wameona vizuri," Mama wa Juu akamjibu.

Akamweleza yote. Mzee, koo, unga wa maji, Jumamosi. Mchungaji alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole, kama hakuna njia nyingine. "Haiwezekani ukamwambia tu ilikuwa nzuri? Yeye hatajua."

"Mchungaji, nimdanganye?"

Mchungaji alitazama mikono yake. Nje watoto walikuwa wanakimbizana kwenye maegesho.

"Sikusema hivyo," akasema mwishowe. "Lakini akina mama wanakuangalia wewe. Kuna wake ambao waume zao wanamalizia mshahara kwa pombe. Wakiuona mfuko wako, watajua ni kwa ajili ya mgonjwa?"

Hilo lilimgusa. Tulipofika chini ya jengo alisimama, akashika chuma cha ngazi. "Amesema kweli," akaniambia. "Wale dada siwezi kuwaumiza. Na Mzee siwezi kumwacha." Jumapili iliyofuata aliwaachia akina mama uongozi wao, akaenda kukaa viti vya nyuma. Najua ilimuuma. Aliupenda umoja ule. Ndio uliompokea alipofika kutoka kambi ya wakimbizi bila kujua hata kuwasha jiko la gesi. Lakini Jumamosi iliyokuja alinigongea mlango kama kawaida na kuuliza kuhusu mafua.

Mzee mwenyewe nilimwona mara moja tu. Ilikuwa kwa sababu ya ugomvi. Tulikuwa tumeonja bia mbili za Machi, za miji miwili, na tukashindwa kukubaliana. Mama wa Juu alishikilia kwamba ya kwanza ilikuwa na utamu wa karanga zilizokaangwa na ya pili ilikuwa nyembamba. Mimi nilisema ya kwanza inachosha, na ile ya pili ndiyo yenye adabu: inakuja, inasema neno lake, inaondoka. Tulibishana mpaka binti akahamia chumbani. Kesho yake Mama wa Juu alirudi na ujumbe kwamba Mzee anataka kutusikia sote wawili.

Nilikwenda siku ya mapumziko yangu. Alikuwa mtu mrefu aliyepungua, ameketi dirishani, blanketi magotini, mikono mikubwa ya seremala. Alinisalimu kwa heshima, akanionyesha kiti. Kisha akasema, "Haya. Anza wewe."

Nikaanza. Kiingereza changu kiliniponyoka, nikaingiza Kiswahili, Mama wa Juu akatafsiri. Kisha akaacha kutafsiri, akaanza kunijibu.

"Inachosha vipi? Bilauri yako haikujaa hata kidole."

"Mama, hata kidole kinachosha. Ni kama mgeni anayeongea toka mlangoni."

"Mgeni wa hivyo ndiye anayefurahisha nyumba."

"Nyumba yako labda."

Nikakumbuka tuko mbele ya mgonjwa, nikanyamaza kwa aibu. Mzee alikuwa amefumba macho. Nilidhani tumemchosha. Mama wa Juu akainama, akamuuliza kama anataka tuondoke.

Hakufumbua macho. Alisema baba yake na mjomba wake waligombana hivyo hivyo kila mwaka, kuhusu bia hizo hizo, mezani kwao, yeye akiwa mdogo anasikiliza.

"Msiache," akasema. "Endeleeni."

Tukaendelea. Sijui kwa muda gani. Tuligombana kwa Kiswahili kitupu, hakuna aliyetafsiri, na Mzee akasikiliza, uso wake umelegea, kidole chake kimoja kikipiga taratibu kwenye mkono wa kiti.

Alifariki majira ya baridi ya mwaka uliofuata, hospitalini, mwanawe akiwa kando yake. Mama wa Juu alipewa habari na ofisi kwa simu, akiwa tayari amevaa sare ya kazi. Alishuka kwetu, akaketi jikoni kwangu, akavua viatu. Nikamwekea chai, sukari kama apendavyo.

Mchungaji alikuja kumpa pole. Alipanda ngazi zote zile, akaketi kwenye kochi, akauliza jina la marehemu ili amwombee. Baada ya sala hakuondoka haraka. Aliuliza marehemu alipenda nini. Mama wa Juu akamwambia, kwa kirefu, na mchungaji akasikiliza habari za bia ya watawa na Kwaresima bila kukunja uso. Baadaye akina mama walimrudishia uongozi. Alikataa. Alisema viti vya nyuma vina hewa nzuri.

Bia aliacha. Zile bilauri zikawa za juisi ya watoto. Nasi tukahamia Blacktown tulipopata nyumba kubwa zaidi, na kama ilivyo huku, shifti zake na zangu zikapishana, tukabaki kupigiana simu siku za sikukuu.

Mara ya mwisho nilipokaa naye kwa kutulia ilikuwa aliporudi kutoka Burundi. Alikuwa amekwenda kuwaona ndugu baada ya miaka mingi ya kambi na ya huku. Alikuja kwetu amekonda, amependeza, nywele amekata fupi. Aliniletea kikapu kilichofumwa na dada yake. Tulizungumza habari za waliokufa na waliozaa, mpaka zikaisha.

Ndipo akaniambia kwamba dada yake alimpikia bia ya mtama, ile aliyokuwa akipika mama yao. Watu walikaa kuuzunguka mtungi, mrija unapita kwa zamu.

"Zamu yangu ilipofika nikavuta, nikafumba macho," alisema. "Nikaanza kutafuta. Iko kama nini? Dada yangu akanigonga bega. Wewe vipi, umelala? Vuta upitishe, wenzako wanangoja." Alicheka, akajifuta jicho kwa ncha ya kitenge. "Nikavuta, nikapitisha. Tulikunywa, tukaimba. Nilikuwa na furaha, jirani, sikudanganyi. Lakini asubuhi nimeamka, bado niko kitandani, nikajikuta nayapanga maneno. Yote yamekaa sawa, tayari kwa treni. Halafu nikakumbuka hakuna wa kumpelekea."

Nje watoto wangu walikuwa wanapiga mpira ukutani.

Nilisogeza vikombe pembeni, nikavuta kiti changu karibu na chake.

"Niambie mimi," nikasema.

Alinitazama, kama anayepima kama nasema kwa kweli. Kisha akafumba macho, akaweka mikono juu ya meza.

"Kwanza," akasema, "haina baridi. Inakujia na uvuguvugu, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Halafu kuna moshi, lakini si moshi wa kuni. Ngoja. Ni moshi wa nyasi, zile za mapaa, mvua ikishapita na jua likirudi kuzipiga..."